UZI: Kompyuta ya gemu yatoa miraba ya kijani kisha yaganda, tena jioni tu. Nani amepitia haya?

#1 · chui_tudor
Salaam jamani. Nina mashine niliyoiunga mwenyewe: Ryzen 5 3600, RAM GB 16 (vipande viwili vya nane nane), kadi ya picha RX 580 ya GB 8 niliyonunua ikiwa imetumika duka moja hapa mjini Mombasa, na pawa saplai iliyoandikwa "600W" yenye jina nisilowahi kuliona popote pengine. Windows 10.

Asubuhi nacheza GTA V bila neno. Ikisha kupita Magharibi, nikikaa kidogo, skrini yaanza kutoa miraba ya kijani na zambarau, mistari yawakata watu nyuso, halafu picha yaganda. Sauti yabaki ikirudia neno moja kama CD iliyokwaruzwa. Hapo hakuna kitufe kinachosikia, ni kushikilia swichi mpaka izime. Mara nyingine skrini yawa nyeusi, yarudi, na programu ya AMD yaniambia draiva ilichelewa kujibu.

Mimi nasema joto. Kaskazi hii, chumba hakina AC, na fukuto la saa mbili usiku mwalijua. Fundi wa dukani asema draiva. Nani mkweli?

#2 · kasa_wa_nyali
Joto latazamwa kwa namba, si kwa jasho lako. Weka programu ya HWiNFO64, cheza, uangalie kadi iko nyuzi ngapi miraba inapoanza. RX 580 ikiwa chini ya 85 usiisingizie.

#3 · mkwasi_bila_pesa
Intel hizo. Habari zimejaa, prosesa zao zinajifia na gemu zinaganda.

#4 · BintiMakupa
@mkwasi rudi usome #1. Ryzen ni ya AMD. Na hayo ya Intel yalikuwa ya kizazi cha 13 na cha 14, yalivuma 2024 mpaka Intel wakatoa maikrokodi (programu ya ndani ya prosesa) ya kurekebisha volteji Agosti mwaka huohuo. Kitu kimoja tu cha maana hapo: gemu zilikuwa zikilalamika kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa, kumbe mgonjwa ni prosesa. Kwa hiyo tusiamini sana ujumbe unaotokea kwenye skrini.

#5 · mkwasi_bila_pesa
Haya mwalimu, nimekaa.

#6 · fundi_majengo
Kabla hujafungua skrubu yoyote, fanya hivi. Miraba ikitokea, bonyeza Windows+PrtSc upige picha ya skrini, kisha itume kwenye simu uifungue huko. Ukiiona miraba ndani ya picha, kosa liko kwenye kadi, draiva au kumbukumbu. Picha ikiwa safi, tafuta kwenye kebo ya HDMI au monita yenyewe. Nimeletewa kadi nyingi nzima kabisa, wenyewe wamekwisha kuzihukumu kifo, kumbe ni kebo iliyoliwa na panya.

La pili, washa uingie BIOS ya mazabodi ukae humo kidogo. Miraba ikionekana hata humo, achana na habari ya draiva, Windows haijapanda bado.

#7 · chui_tudor
Nimefanya. Kwenye simu miraba iko. Kwenye BIOS hakuna kitu, pasafi. Joto la kadi 76 wakati uchafu unaanza.

#8 · kasa_wa_nyali
76 si kitu. Joto limeachiliwa huru, mwite mshukiwa mwingine.

#9 · fundi_majengo
Kasa, wewe hakimu wa haraka. Hiyo 76 ni ya chipu. RX 580 yatumia kumbukumbu za GDDR5, na hizo hazina kipimo cha joto unachoweza kukisoma. Pedi zilizo baina ya kumbukumbu na bati zikikauka, chipu itakaa 76 na kumbukumbu zaungua kimyakimya. Tena ni kadi ya 2017, pedi zake umri huo si mchezo.

#10 · MzeeVolti
Vijana, neno kubwa kalisema mwenyewe nanyi mmelipita: JIONI. Jioni watu wamerudi makazini, pasi, jagi za maji, majokofu, AC za majirani, zote juu ya transfoma moja. Hapa kwangu Kisauni mchana nasoma karibu 240 kwenye mita yangu, saa mbili usiku nimewahi kuona 200 na chini yake. Pawa saplai ya jina la kubuni ikipewa hiyo, na gemu yadai pawa kwa mkupuo, wategemea nini? Jioni si saa ya joto peke yake, ni saa ya stima mbovu.

#11 · simba_likoni
Likoni hatuna shida ya stima kushuka. Yenyewe yaondoka tu.

#12 · chongoleani
Shikamoo Mzee Volti. Kwa heshima zote, pawa saplai za sasa zinakula umeme kuanzia volti 100 mpaka 240. Kushuka hadi 200 haitakiwi hata kuishtua. Huku Tanga umeme unacheza vilevile na mashine yangu haijawahi kuganda.

#13 · MzeeVolti
Marahaba mwanangu. Za sasa ndiyo. Sasa mwambie Chui aigeuze yake atazame nyuma. Kama pana swichi nyekundu iliyoandikwa 115/230, basi ni ya zamani kwa tumbo hata kama boksi ni jipya. Hizo hazina saketi ya kusahihisha umeme unaoingia, zategemea unaotoka ukutani uwe mzuri.

#14 · chui_tudor
Ipo swichi nyekundu! Iko kwenye 230. Kwani nikiiweka 115 itavumilia stima ndogo?

#15 · fundi_majengo
USIGUSE.

#16 · MzeeVolti
USIGUSE!! Ukiiweka 115 ukaichomeka kwenye ukuta wa Kenya, kapasita za ndani zalipuka palepale.

#17 · lulu_ya_mtwapa
Kaka yangu aliigeuza kwa mawazo hayohayo. Mlio ulisikika nyumba ya tatu, bibi akatoka mbio na kanga moja akidhani ni mtungi wa gesi. Harufu ilikaa wiki nzima. Funika hiyo swichi kwa gundi.

#18 · kasa_wa_nyali
Tuhesabu basi. RX 580 yala karibu wati 185. Kebo ya pini 8 yatoa wati 300, sloti ya mazabodi 75. Yatosha na kubaki.

#19 · BintiMakupa
Pini 8 ni wati 150, si 300. Pamoja na sloti ni 225. Bado yatosha kwenye karatasi, lakini hiyo ni wastani. Kadi huruka juu kwa nukta ya sekunde, na hapo ndipo pawa saplai dhaifu huangukia. Na "600W" ya boksi lisilo na jina huenda ndani mna 300 za kweli. Chui, iinue kwa mkono, ni nyepesi?

#20 · chui_tudor
Nyepesi, naona aibu kusema.

#21 · papa_kilindini
Naona mmesahau bahari. Chui uko Tudor, maji yako hapo mbele, dirisha wazi, feni yapuliza upepo wa chumvi ndani ya mashine mwaka mzima. Nilipokuwa Mji wa Kale kila kitu kilishika kutu, mpaka skrubu za mazabodi. Chomoa kadi, zisugue zile meno za dhahabu kwa ufutio wa penseli polepole, pangusa kwa alkoholi ya isopropili, rudisha. Kadi yangu ilikuwa ikiganda hivyohivyo, ikapona siku hiyo.

#22 · fundi_majengo
Papa yuko sahihi nusu. Chumvi ni kweli, nimeona bodi zimeota unga wa kijani. Lakini dhahabu yenyewe haishiki kutu, kinachoharibika ni nikeli na shaba zilizo chini pale ilipochubuka. Sasa mtu akisugua kwa ufutio kila mwezi, yeye ndiye anayeichubua. Sugua mara moja, uache.

#23 · papa_kilindini
Nusu yangu hiyohiyo yatosha, kadi yafanya kazi.

#24 · lulu_ya_mtwapa
Tia AC uondoe unyevu, uishi kwa amani.

#25 · simba_likoni
AC yaleta maji! Chumba kikiwa baridi, ukizima na kufungua mlango, hewa ya nje yaingia na kufanya umande kwenye vyuma. Miwani yangu hujaa ukungu kila nitokapo ofisini.

#26 · fundi_majengo
Miwani imetoka na baridi yake. Kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi ina joto kuliko chumba, umande hauishiki. Ukiizima usiku kucha ndani ya AC halafu asubuhi ukafungua madirisha, hapo sawa, labda. Ila Simba, mwenye uzi hana AC.

#27 · simba_likoni
Najua. Mimi najibu mwaliko wa Lulu.

#28 · BintiMakupa
Turudi kwenye kadi. Chui, uliinunua imetumika. Muuzaji alikwambia ilitumika wapi? Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum, ile sarafu ya kidijitali, ilibadili mfumo wake, uchimbaji kwa kadi za picha ukakoma usiku mmoja, na shehena za RX 570 na 580 zikamwagwa sokoni dunia nzima. Wachimbaji walikuwa wakiichezea BIOS ya kadi, yaani programu iliyo ndani yake: wanapunguza kasi ya chipu ili isile umeme, wanaikaza kumbukumbu kupita kiasi. Kwenye uchimbaji kosa dogo la kumbukumbu halisumbui mtu. Kwenye gemu kosa hilohilo ni mraba wa kijani usoni mwa Trevor wa GTA.

Fungua programu ya GPU-Z utuandikie kasi ya chipu, ya kumbukumbu, na idadi ya "shaders", vile vitengo vidogo vya kuchora ndani ya chipu.

#29 · chui_tudor
Chipu 1150. Kumbukumbu 2150. Shaders 2304. Muuzaji alisema ilikuwa ya mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akichora majumba.

#30 · BintiMakupa
Shaders 2304 ni RX 580 kamili, si ile iliyopunguzwa ya 2048, shukuru kwa hilo. Lakini kadi hii kutoka kiwandani chipu hufika 1340 hivi na kumbukumbu ni 2000. Iliyo na chipu chini na kumbukumbu juu ni mchimbaji mstaafu. Mwanafunzi huyo alichora majumba ya sarafu.

#31 · kasa_wa_nyali
😂😂 Mstaafu bila pensheni.

#32 · mkwasi_bila_pesa
Mimi bado nauliza, fundi wa duka aliyesema draiva tumemtupa tu hivi? Futa draiva kwa DDU, programu ya kufutia draiva, ukiwa kwenye hali salama, chomoa intaneti ili Windows isijiwekee yake, kisha weka ya AMD iliyo safi. Ni bure.

#33 · chui_tudor
Nimefuata ya @mkwasi. Sasa mambo yamezidi! Nimeweka draiva mpya, kadi ina pembetatu ya manjano, skrini imebaki na picha kubwa kubwa, gemu haifunguki kabisa.

#34 · BintiMakupa
Usiogope, umeleta ushahidi mkubwa kuliko wote. Draiva za AMD hukagua sahihi ya BIOS ya kadi. BIOS iliyochezewa hazikubali, mpaka mtu azitie kiraka cha kuzifumba macho. Fundi wa duka alikutilia kiraka, wewe umekifuta. Kwa hiyo aliposema "draiva" alijua anachokisema.

#35 · mkwasi_bila_pesa
Naomba uandikwe mahali: Mkwasi amesaidia.

#36 · fundi_majengo
Kurudisha BIOS ya asili kwahitaji uangalifu. Usichukue yoyote ya RX 580, tafuta ya kampuni ile ile na modeli ile ile, tena inayofahamu aina ya kumbukumbu zako, GPU-Z yakuonyesha kama ni Samsung, Hynix, Micron au Elpida. Hifadhi kwanza iliyopo. Kadi zingine zina kiswichi kidogo ubavuni cha BIOS mbili, ukiwa nacho kigeuze tu mashine ikiwa imezimwa, huenda upande wa pili haujaguswa. Kama hakuna, niletee.

#37 · MzeeVolti
Na msiifanye hiyo kazi jioni. Stima ikikatika katikati ya kuandika BIOS mtabaki na kigae.

#38 · nazi_mbata
Kwani si aitie kwenye oveni? Nimeona video, kadi yaokwa dakika kumi na yarudi kuwa mpya.

#39 · fundi_majengo
Mbata, lehemu ya siku hizi isiyo na risasi yayeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Oveni ya nyumbani ama haifiki sawasawa, ama yafika na kuyeyusha plastiki zote. Ikifufuka ni ya siku chache, na huo moshi utakuwa ndani ya oveni ambayo mama aoka mkate wa sinia. Hapana.

#40 · lulu_ya_mtwapa
Mkate wa sinia wenye ladha ya RX 580.

#41 · chui_tudor
Habari za leo. Kadi haina kiswichi. Nimempelekea @fundi_majengo, amerudisha BIOS ya asili, amebadilisha pedi na pesti, na akatoa mende watatu kwenye pawa saplai, wawili wakiwa hai. Kumbukumbu sasa ni 2000. Draiva safi imekubali bila kiraka. Jioni nimecheza, MIRABA HAKUNA. Shukran sana.

Ila yaganda bado. Safari hii bila miraba, bila onyo, picha yasimama tu, kisha skrini nyeusi.

#42 · BintiMakupa
Basi yalikuwa matatizo mawili yamelala kitanda kimoja.

#43 · MzeeVolti
Na la pili ni langu. Pawa saplai. Fundi mwenyewe kakuta mende wamepanga.

#44 · kasa_wa_nyali
Au pedi. Mmebadilisha BIOS na pedi siku moja, sasa hatujui ni ipi iliyoondoa miraba. Fundi, hiyo si haki kwa sayansi.

#45 · fundi_majengo
Mteja alilipa nauli mara moja. Sayansi ingempandisha matatu mara mbili.

#46 · nazi_mbata
Windows yasubiri kadi sekunde 2 tu, isipojibu yaianzisha upya. Ingia rejista, weka TdrDelay, ndiyo muda huo wa kusubiri, iwe 10. Mimi nimeweka.

#47 · BintiMakupa
Hizo sekunde 2 ni kweli. Ila ukiziongeza unampa mgonjwa muda mrefu wa kuzimia, hujamtibu. Chui, ingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utazame dakika ile iliyoganda. Kuna kitu kinaitwa Kernel-Power 41?

#48 · chui_tudor
Zipo nyingi, Kernel-Power 41.

#49 · MzeeVolti
Jina lenyewe lasema Pawa! Mwataka shahidi gani tena?

#50 · chongoleani
Mzee, hiyo 41 maana yake ni kwamba mashine ilizimwa bila kuagwa. Akishikilia swichi mwenyewe inaandikwa hivyohivyo. Haithibitishi pawa saplai. Angalia kama kuna WHEA-Logger, taarifa ya makosa ya vifaa, hiyo ndiyo ingenifanya nimtazame prosesa au RAM. Na RAM yenyewe, umewasha XMP, ile ya kuikimbiza RAM kwa kasi ya juu?

#51 · chui_tudor
WHEA sioni. XMP nimewasha, RAM iko 3200.

#52 · chongoleani
Izime kwa jioni moja. Ikirudi kasi yake ya chini isipoganda, umepata.

#53 · MzeeVolti
Au aazime pawa saplai nzuri kwa jirani.

#54 · lulu_ya_mtwapa
Au atoe zote aje acheze kwangu kwa PlayStation.

#55 · chui_tudor
Nimeazima pawa saplai ya wati 550 kwa rafiki wa Kongowea, nzito, haina swichi nyekundu. Jioni ya kwanza haikuganda. MzeeVolti nikataka kukutumia samaki. Jioni iliyofuata ikaganda, lakini kwenye gemu ya Forza peke yake. GTA safi.

Basi nikazima XMP pia. Tangu hapo haijaganda.

#56 · chongoleani
Mkuu, tuma hao samaki Tanga.

#57 · papa_kilindini
Subirini. Mvua imenyesha Mombasa tangu juzi. Joto limeshuka, feni za majirani zimezimwa, na stima imetulia. Mimi usiku nimejifunika shuka. Chui alizima XMP siku mvua ilipoanza.

#58 · kasa_wa_nyali
Astaghfirullah. Papa ameharibu kesi.

#59 · MzeeVolti
Kwa hiyo bado ni stima.

#60 · fundi_majengo
Kwa hiyo bado laweza kuwa joto pia. Sehemu zinazogawa umeme juu ya kadi zenyewe huchemka, na sikuzigusa pedi zake, zilionekana nzima.

#61 · chongoleani
Endesha MemTest86, kipimo cha RAM, usiku kucha huku XMP imewashwa. Ikitoa kosa hata moja, mvua haina la kusema.

#62 · BintiMakupa
Naye aiache pawa saplai ya kuazima humo, asibadilishe kitu kingine. Na jaribu Forza hiyohiyo, si GTA.

#63 · chui_tudor
Leo haiwezekani, watoto wa shangazi wamekuja kutoka Malindi na wameikalia mashine tangu asubuhi. Halafu mwenye pawa saplai aitaka Jumamosi.

#64 · nazi_mbata
Ile ya zamani ya wati 600 waiuza?

#65 · fundi_majengo
Mbata, na mende wake?

#66 · nazi_mbata
Si ulisema umewatoa?